Barua kwa mwanangu anayevuka ziwa kwenda kusikiliza watu

Bukavu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wa sauti ulionitumia Alhamisi nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilimwita papa yako aje asikie, maana mtoto kupata kazi ya kusikiliza watu, tena kuipata Goma wakati huu, si jambo dogo. Mara ya tatu nikaizima simu. Unasema katika zoezi la mwisho la mafunzo yenu yule mama alianza kulia, ukamtuliza, ukampa suluhisho, na baada ya dakika 20 akaondoka akishukuru. Wenzako wakakupigia makofi. Mimi makofi yangu nimeyaweka kwanza. Dakika 20 ni za mtu kuzoea kiti, mama. Huyo alikuwa hajafika kwenye jambo lenyewe.

Hofu yangu ni hiyo tu, na utaikuta mara nyingi humu: una haraka ya kufariji. Una moyo mwema, hilo hata majirani wanalijua, lakini moyo mwema wenye haraka hufunga midomo ya watu. Na haraka hiyo najua imetoka wapi. Katika nyumba hii mtoto aliyelia aliwekewa bugali kabla ya kuulizwa kimemliza nini, na aliyekuwa akipakua unamjua. Tuliache hapo.

Tuanze na neno pole. Ni neno zuri, na mtu aliyefiwa au aliyetendewa vibaya akiingia chumbani mwako asilisikie, atakuona huna utu. Liseme mara moja, mwanzoni, ukimtazama. Ukilirudia kila anapovuta pumzi linageuka kifuniko cha sufuria. Pole inadai jibu: anayepewa pole hushukuru, na wengine husema wameshapoa. Ukimwambia mara 7, umemlazimisha akujibu mara 7 kwamba amepoa, na aliyetangaza kwamba amepoa huona aibu kuendelea kueleza anavyoungua. "Itapita", "jikaze", "Mungu yupo" na "wengine wameona makubwa kuliko hayo", acha yote nje. Imani akiileta yeye, ipokee na umuulize inamsaidiaje. Usiilete wewe ili kuziba kimya. Hilo la wengine kuona makubwa ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa linayaweka maumivu yake kwenye mzani wa watu ambao hawamo chumbani.

Anayekuja kusikilizwa nitamwita mgeni. Mashirika husema mnufaika, mafunzo husema mteja. Kwenye ripoti andika wanavyotaka. Moyoni mwako awe mgeni.

Chumba, kabla ya siku ya kwanza. Mweke mwenzako ndani azungumze kwa sauti ya kawaida, wewe simama nje, upande wa kila ukuta. Goma nyumba nyingi ni za mbao, na ubao unapitisha maneno. Ukisikia hata neno moja, omba chumba kingine. Kikikosekana, wanaosubiri wakae mbali, na redio ndogo iwashwe nje ya mlango. Mvua ikipiga mabati msipaze sauti. Ngojeni ipungue. Viti viwe vya kimo kimoja, vikae kwa pembe kama watu wawili kwenye kona ya meza, si uso kwa uso kama polisi, na kati yenu hatua moja na nusu. Meza isiwe katikati. Mgeni akae upande wa mlango, njia yake iwe wazi, maana aliyewahi kufungiwa mahali hawezi kuongea huku wewe umeuziba mlango. Saa iwe ukutani nyuma yake, uione bila kutazama mkono. Karatasi laini za machozi ziwekwe mkono wake unapofika, lakini usimpe wewe chozi linapoanza tu: anayepewa kitambaa huelewa kwamba ameambiwa ajifute anyamaze. Unaona? Hata kitambaa kina haraka yake.

Kabla hajafungua kinywa, tangulia wewe: jina lako na kazi yako, kwamba wewe si daktari wala mwanasheria, muda mlio nao, dakika 45 hadi 50, kwamba anaweza kukataa swali lolote na kuondoka anapotaka, na siri pamoja na mipaka yake. Maneno yake hayatoki, isipokuwa maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anaumizwa, au kwa msimamizi wako anayekusaidia kazi. Ukiyasema baada ya yeye kusimulia, umemtega. Kuandika muombe ruhusa, andika machache, mengine yaandike akishaondoka, kwa namba ya faili na si kwa jina.

Na hapa nikuseme. Katika ujumbe wako ulinitajia mtaa wa yule mama na idadi ya watoto wake. Lilikuwa zoezi, ndiyo, lakini aliyoyasema yalikuwa yake. Bukavu watu hujuana na Goma watu hujuana. Mtaa, idadi ya watoto na kazi ya mume vinatosha mtu ajulikane. Ujumbe huo nimeufuta. Usinisimulie tena, hata siku utakayolemewa. Siku hiyo mtafute msimamizi wako, na kama hawajakupangia saa ya kukaa naye angalau kila wiki mbili, idai kabla ya kudai mshahara.

Sasa ulimi. Swali la "je" huzaa ndiyo au hapana, nawe baada ya ndiyo tatu utajikuta unatafuta swali jingine badala ya kusikiliza. Sema "niambie ilikuwaje", "siku yako inaendaje tangu hapo". Swali moja, kisha ngoja. Ukiuliza mawili kwa pamoja atajibu jepesi, na lile zito halitarudi. "Kwa nini" liogope. Mtu aliyeulizwa kwa nini na polisi, na mume, na mama mkwe, akilisikia tena kwako anaanza kujitetea. "Kwa nini ulirudi kwake?" ni hukumu, "ni nini kilikufanya urudi?" ni mlango.

Lakini maswali ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kumrudishia alichosema, ili ajisikie na ajue amesikika. Wanaofundisha mahojiano ya kuhamasisha, yale ya kumsaidia mtu apate mwenyewe sababu za kubadilika, hulenga kurudisha mara mbili kwa kila swali moja, nawe katika ujumbe wako ulinihesabia maswali tu. Sikiliza ugumu wa lugha yetu: "Umechoka" na "Umechoka?" ni herufi zile zile. Sauti ndiyo inayotenganisha. Ukipandisha mwisho, umeuliza, naye atajibu ndiyo na kunyamaza. Ukishusha mwisho taratibu, umemrudishia, naye ataendelea: "Nimechoka kweli, hata watoto siwataki." Jizoeze kwa simu yako, jirekodi, sikiliza mikia ya sentensi zako. Wa kwako unapanda, nimeusikia.

Rudisha kwa maneno yake. Akisema kichwa kimejaa mawazo, sema kichwa kimejaa. Usimbadilishie kwa jina la ugonjwa ulilolisoma. Akisema moyo unadunda usiku, kaa na moyo unaodunda, kisha uliza huwa unadunda saa ngapi. Watu wetu husemea huzuni mwilini, na anayekimbilia kutafsiri hupoteza alama za njia. Ukikosea kidogo si neno, atakusahihisha, na kusahihisha huko humfungua zaidi. Hofu akiiita hasira, usimbishie.

Carl Rogers, yule mwanasaikolojia Mmarekani waliyemtaja darasani kwenu, aliandika mwaka 1957 masharti sita ya mtu kubadilika, na matatu yanamhusu msaidizi: awe mkweli, ampokee mtu bila masharti, amwelewe kwa ndani. Lile la sita wengi hulisahau: mgeni naye lazima aupate huo upokezi, walau kidogo. Kumwelewa kimoyomoyo hakutoshi; asipoona kwamba umemwelewa, hujafanya kitu.

Kimya kitakutesa kuliko chochote. Akinyamaza, vuta pumzi tatu ndefu, ukizihesabu. Ukiona macho yake yako sakafuni na midomo inatikisika kidogo, anatafuta. Usimguse kwa neno. Akikutazama wewe, anakungoja, sema "nipo". Akitazama mlango, anaogopa. Mkumbushe siri, mkumbushe anaweza kuishia hapo. Kwa anayelia, kaa. Usimshike bega kabla hujajua kama mguso ni salama kwake. Pumzi tatu, mama. Mkono uwe gotini ukihesabu kwa vidole, hataona.

Kila baada ya robo saa hivi, kusanya: "Nimesikia hili, na hili, na hili. Wapi sijaelewa vizuri?" Usimalize kwa "ndivyo?" kwa kuwa mtu wetu mwenye adabu, akiwa mbele ya mwenye daftari, atasema ndivyo hata kama umeharibu yote.

Ushauri sikukatazi. Ila usitangulie. Muulize kwanza amejaribu nini, nani alimsaidia hapo awali, nini kilikwama. Muombe ruhusa ya kumwambia unachokijua. Mpe kipande kimoja, kisha umuulize anakionaje. Suluhisho ulilompa yule mama, la kwenda kuzungumza na shemeji yake, ulijuaje kama shemeji si sehemu ya jambo?

Pale pa kukimbia napo pajue, ili usije ukasema nilikufundisha kukaa tu. Aliyebakwa asiingie kwenye mazungumzo marefu kabla ya matibabu: dawa za kukinga virusi vya SIDA, zile za PEP, huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28, za dharura za kuzuia mimba hazivuki saa 120. Mwambie hivyo, muulize kama anakubali, na umsindikize mwenyewe. Asiyetaka kueleza yaliyompata asibanwe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, lilijenga kazi juu ya kuangalia, kusikiliza na kuunganisha, wala halikusema umkamue mtu simulizi. Na akigusia kufa, "nimechoka na dunia", "watoto wangebaki na koko wao", uliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kisha uliza kama amepanga namna, kama anacho cha kutumia, lini. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kwenda kuita mtu. Piga simu ukiwa naye. Hapo siri ina mpaka, nawe ulimwambia mwanzoni.

Kuunganisha si kutaja jina la hospitali. Hapa Panzi, hospitali iliyoanzishwa 1999, wameonyesha kwamba tiba, moyo, sheria na riziki ni kazi moja. Wewe wiki ya kwanza tembea kwa miguu yako: nani anapokea, siku zipi, saa ngapi, nauli ya pikipiki ni falanga ngapi, mlangoni wanauliza karatasi gani. Andika yote. Mgeni akitumwa mahali akakuta pamefungwa, kwako harudi.

Goma utawapata wanaosema Kinande, Kihunde, Kinyarwanda, na Kiswahili chako hakitafika. Mkalimani asiwe mtoto wala ndugu wa mgeni. Akae pembeni, nyuma kidogo, atafsiri "mimi" kama "mimi", asifupishe. Macho yako yabaki kwa mgeni. Sentensi fupi. Muda hapo huongezeka mara mbili, upange.

Wageni watano kwa siku wanatosha, na kati ya mmoja na mwingine toka nje unawe uso.

Najua utasema mama ameandika kitabu. Majivuno yangu nimeyaficha humo ndani, yatafute. Hakuna katika ukoo wetu aliyewahi kuaminiwa na watu asiowajua kwa kazi ya namna hii, na koko wako amewaambia wote kanisani, hata wasiouliza.

Yeye dawa za presha amekubali kumeza asubuhi, usiku anasingizia kusahau. Nimeacha kugombana, sasa namuuliza tu usiku unakuwaje. Paa la jikoni bado linavuja upande wa makala, fundi amekuja akaangalia akaondoka. Gunia la makala limepanda tena. Mdogo wako anadaiwa karo ya miezi miwili, usitume chochote kabla hujalipa nyumba yako, nimekwambia. Juzi alirudi kutoka shule amenuna, akaketi kizingitini. Nilikuwa nimekwisha kushika sahani. Nikaiweka chini nikakaa naye. Tulikaa mpaka giza likaingia ndipo akasema, na halikuwa jambo la karo.

Kwenye begi la kijani nimekuwekea visamaki vya sambaza vilivyokaushwa, vimefungwa mara mbili visinukie nguo, vikwembe viwili, na triko, kwa sababu usiku Goma kuna baridi na vumbi la mawe meusi hukauka kooni. Boti ya asubuhi ndiyo nzuri, ziwa limetulia. Ukifika piga simu hata usiku. Chumvi usinunue, imo kwenye kopo la maziwa.

Mama yako