Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika: utoro wa bwawa letu, yaani njia ya kutokea maji yanayozidi, uwe wazi kabla ya mvua

Ndugu Mkurugenzi,

Ninakuandikia kuhusu ukuta mdogo wa mawe na saruji unaokinga maji ya kijito chetu wilayani Kasulu, ambacho humwaga maji yake Ruchugi na hatimaye Malagarasi. Ukuta huo unasimama kwa uzito wake tu, na chini yake kuna nyumba za watu na njia ya watoto wa shule.

Kila kiangazi wenye bustani hupanga mifuko ya mchanga na magogo juu ya utoro ili maji yapande na mifereji ya nyanya isikauke. Siwalaumu, kwa maana tope limejaa bwawani na maji yanayobaki hayatoshi. Lakini mvua zinapoanza, mifuko hubaki palepale. Kina cha maji kikiongezeka kwa sehemu moja ya kumi, msukumo dhidi ya ukuta huongezeka kwa asilimia 21 na nguvu ya kuupindua kwa asilimia 33 hivi, ilhali uzito wa ukuta haujaongezeka hata kilo moja. Isitoshe, maji yanayopenya chini ya msingi huusukuma ukuta kwenda juu na kuupunguzia uzito uleule unaoutegemea. Karibu na ukingo wa kulia, upande wa chini, pana mvujo ambao zamani ulitoa maji maangavu. Siku hizi ukiyakinga kwa kikombe na kusubiri kidogo, udongo mwekundu, laini kama unga, hutuama chini. Udongo huo unatoka mahali fulani, na hofu yangu ni kwamba unatoka chini ya msingi.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, imeuweka usalama wa mabwawa chini ya uangalizi wa Serikali, na agizo la ofisi yako litasikilizwa pale ambapo neno la jirani huzua ugomvi. Ninaomba mhandisi afike kabla ya Novemba, aukague mvujo huo, aagize mifuko iondolewe, na aweke ukutani alama ya rangi ya mwisho wa maji ambayo kila mtu ataiona. Ninaomba pia kazi ya kutoa tope ipangiwe fedha, kwa sababu bila hiyo mifuko itarudi mwakani: mtu mwenye miche inayonyauka hazuiwi kwa maneno matupu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa bondeni, Wilaya ya Kasulu, Kigoma