Hamisi, nisomee huu mwongozo

Mwanga, Kigoma

Kwako ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi sana. Huku sote wazima. Mama anakusalimu na anauliza ile asali ya Tabora uliyomwahidi imekwama stesheni gani. Mwezi umepevuka, wavuvi wamepumzika, dagaa Kibirizi hawashikiki kwa bei, kwa hiyo kifurushi chako kisubiri. Ya Shaabani utakuwa umeshayasikia kwa dada yake, mimi simo.

Najua nimekaa kimya. Nimeshika kalamu kwa sababu ya kazi moja ambayo huku kila ninayemweleza ananikatiza: "Kwani inalipa?" Inalipa, kidogo.

Nimepewa mwongozo wa chombo kinachoangalia afya ya michakato, yaani programu zilizo kazini, kwenye seva, niupime niseme kama unafaa. Wasomaji wake hasa si watu, ni mawakala wa akili mnemba, zile programu zinazokabidhiwa kazi zikatoa amri zenyewe kwenye seva bila mtu kukaa pembeni. Wakala anauliza: huduma ya malipo iko hai? Chombo kinamjibu iko hai au imekufa, naye anachukua hatua. Lugha imenyooka, mifano imepangwa vizuri, na aliyenipa kazi keshadokeza kwamba anategemea alama za juu.

Sasa sikia. Chombo kinautumia mchakato swali, kinasubiri kidogo, kisipojibiwa kinaandika umekufa. Wewe unajua seva ikielemewa mchakato unaweza kunyamaza huku unahangaika na kazi halali kabisa. Sisi ukibisha hodi mara tatu usiitikiwe, unaondoka. Huvunji mlango ukatangaza msiba. Mwongozo hauna jibu la tatu, la kusema sijapata jibu kwa hiyo sijui. Ungekuwa wewe ungesita, ungefungua logi, yaani rekodi za matukio ya seva, ungenipigia simu usiku unitukane. Wakala anashika kilichoandikwa. Atazima na kuwasha upya, pengine data ikiwa katikati ya kuhamishwa.

Upande wa pili nao! Waandishi wa mwongozo wanajigamba kwamba chombo huhakikisha namba ya mchakato ipo. Namba kuwepo ndiyo nini? Kwenye mfumo wa Linux hata zombi, mchakato uliokwisha kazi ila mzazi wake hajapokea taarifa ya mwisho wake, namba yake bado imo kwenye orodha. Kwa hiyo aliye hai anazikwa, na marehemu anaandikwa mzima.

Waliotengeneza Kubernetes, lile dude la kusimamia programu kwenye seva nyingi (limenitesa, silisifii bure), hapo walifikiri. Ukaguzi mmoja ukishindwa, kontena, yaani kifurushi ambamo programu inaendeshwa, linawashwa upya. Mwingine ukishindwa, linaacha tu kupelekewa maombi mpaka likae sawa. Na usipobadilisha mipangilio, wanasubiri lishindwe mara 3 mfululizo ndipo wachukue hatua. Mwongozo wangu hausemi hata inasubiriwa mara ngapi.

Halafu kuna hili. Chini kabisa, kwenye jedwali la mipangilio ambalo nusu ya watu hawalifikii, imeandikwa kwamba amri ya kukagua huwasha upya mchakato "ikihitajika". Amri ya kukagua, Hamisi! Nani kaamua kwamba inahitajika? Muda wa mchakato kuwa hewani nao umetolewa kwa tarakimu tupu, hujui ni sekunde au milisekunde. Na mchakato ukikoma ukarudisha namba ya mwisho 137, yaani 128 jumlisha 9 ambayo ni ishara ya kuua, umeuawa kwa nguvu, na mara nyingi ni kwa sababu kumbukumbu imejaa. Wao wanaiita hitilafu, wanapita. Wakala atauwasha, utakufa, atauwasha tena…

Haya mengine yanarekebishika kwa mchana mmoja. Ninachorudia kila nikiufungua ni pale pa kunyamaza. Nikiwaambia, najibiwa kwamba watalishughulikia toleo lijalo. Wenzangu waliopima wameupa alama nzuri, wamesifu lugha. Mimi nataka kuandika usipitishwe mpaka jibu la "sijui" liwepo na kukagua kutenganishwe na kuwasha upya. Nikiandika hivyo sijui kama nitapewa kazi nyingine, na ada ya shule ya Rehema unaijua.

Basi nijibu. Huko kazini kwenu wakala anaruhusiwa kuwasha huduma upya, au anaangalia tu na kuripoti? Mnasubiri muda gani kabla ya kusema imekufa? Ungekuwa wewe ungeukataa wote, au ungepitisha kurasa nzuri ukakataa hizo mbili, ya kunyamaza na ya jedwali? Nikizituma kwenye baruapepe utazisoma kabla ya Ijumaa, au bado uko na yule fundi wa paa? Mwajuma keshajifungua? Na mbona hamsemi?

Kurasa nazituma leo jioni umeme ukiwepo. Anza na lile jedwali la chini.

Wako,
Idrisa