Mnaojitolea kufundisha tuisheni, msiwaache hawa vijana hewani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo ambalo limenikaa moyoni mda mrefu. Mi nafundisha tuisheni ya hesabu kwa kujitolea, wanafunzi wangu ni vijana wa miaka 13 mpaka 17 wa ile mitaa ya mjini ambayo nyumba zimebanana na hela ya nyumbani ni ya kubahatisha, na kila mara nasikia watu wakilalamika eti hawa madogo wana dharau, hawataki kusoma, ukiwasaidia hawana shukrani. Sikubaliani kabisa.

Siku ya kwanza naingia kuna kijana alikaa nyuma kabisa, hajatoa hata daftari, nikamuuliza jina akanirudishia swali, "Ticha, we utakaa mpaka lini?" Nikajua ni jeuri. Baadae ndo naambiwa mi ni mwalimu wa tatu ndani ya mwaka mmoja, wenzangu wawili walikuja na moto alafu wakapotea bila hata kuaga. Sasa ungekua ni wewe ungemfungulia nani roho?

Nikaacha kumsukuma. Nilichofanya ni kuja tu, Jumanne na Alhamisi saa ile ile, mvua inyeshe isinyeshe, na nikisema naleta maswali ya mtihani uliopita nayaleta kweli. Akichelewa simuulizi mbele ya wenzake alikua wapi, maana wengine wanalea wadogo zao au wanahangaikia riziki kabla ya kuja, namwambia karibu, tuko swali la nne. Nakaa pembeni yake, sio mbele kama hakimu. Na lile neno "umeelewa?" nimelitupa sababu jibu ni ndio siku zote, mi namwambia hebu nionyeshe umefikaje hapa, na mkifuatana taratibu mara nyingi mnakuta kuna hatua moja tu aliruka, labda hesabu za sehemu, zile za nusu na robo, zilimpita zamani akiwa mdogo na hakuna aliyerudi kumfundisha, akiona hatua zingine zote kapatia uso unafunguka. Kingine, lugha yao ya kijiweni waachieni wenyewe, ukijilazimisha wanakushtukia hapo hapo.

Ilichukua kama miezi minne ndo akasogea mbele, mwenyewe.

Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walitoa utafiti wa vijana zaidi ya 1,000 wa mijini, baadhi yao wakiwa wamepewa mtu mzima wa kuwa nao karibu na kuwashauri. Waliodumu na mtu wao mwaka au zaidi ndo walionufaika zaidi, ila wale ambao walikatishwa mapema sana walirudi nyuma kwenye baadhi ya mambo. Yaani kuja alafu kupotea kunaweza kuumiza kuliko kutokuja.

Kwahiyo naomba wanaoandaa hizi tuisheni, kabla hamjampokea mtu muulizeni kama mwaka mzima ataweza. Kama hawezi asifukuzwe, apewe kusahihisha au kuandaa mazoezi. Na anayeondoka awaambie vijana mwezi mmoja kabla, amlete anayempokea wafundishe pamoja vipindi kadhaa wamzoee.

Yule kijana nimeshamjibu swali lake, niko nae mpaka amalize mtihani.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa kujitolea