Malalamiko: dhahabu pungufu na paladiamu isiyolipwa katika mabaki ya metali za meno

Maabara ya Meno,
Ngamiani,
Tanga.

Meneja Mkuu,
Kiwanda cha Kusafisha Madini ya Thamani,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: HATI YENU YA MALIPO YA MABAKI YA METALI ZA MENO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hati yenu tumeipokea na tunaikataa. Sababu zimo ndani ya tarakimu mlizoziandika wenyewe.

Mlikabidhiwa mifuko mitatu, kila mmoja na lakiri yake na uzito wake juu. Mfuko A ulikuwa na gramu 62.0 za vikonyo na vichwa vinavyobaki baada ya kusubu, yaani kumimina metali kwenye kalibu, aloi (mchanganyiko wa metali) ya aina moja, safi, haina kauri wala plasta. Nakala ya cheti cha aloi hiyo ilikuwa ndani: dhahabu asilimia 51.5, paladiamu (metali nyeupe ya thamani) asilimia 38.5, kinachobaki ni metali za indiamu na galiamu. Mfuko B ulikuwa na gramu 84.6 za taji na daraja kuukuu zilizotolewa vinywani, nyingi zikiwa bado zimevikwa kauri. Mfuko C ni vumbi la kusagia na kung'arishia, pamoja na kichujio cha mashine ya kufyonzea vumbi.

Tuliomba kwa maandishi kila mfuko uyeyushwe peke yake. Mmemimina A na B kwenye kikombe kimoja cha kuyeyushia, mkapata kinoo (donge la metali) cha gramu 118.7, mkaandika "hasara ya kuyeyusha asilimia 19". Hasara hiyo yenyewe hatuibishii. Kauri, saruji ya meno na vipande vya jino haviingii kwenye metali, huelea juu pamoja na boraksi, chumvi inayotiwa wakati wa kuyeyusha, na kutolewa. Kwa mfuko kama B, theluthi ya uzito kuondoka si ajabu. Tunacholalamikia ni kwamba kwa kuchanganya mmeondoa njia rahisi ya kuhakiki: mfuko A ungeingia gramu 62 na kutoka karibu gramu hizo hizo, na majibu yake yangelinganishwa na cheti palepale.

Sasa tazameni dhahabu. Mnasema kinoo kina asilimia 20.7, yaani gramu 24.57. Mfuko A peke yake ulikuwa na gramu 31.93. Hata tukichukulia kwamba mfuko B mzima ni kobalti na kromiamu, metali zisizo za thamani, bila chembe ya dhahabu, bado zimepungua gramu 7.36. Zimekwenda wapi? Dhahabu haiungui. Huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, na joto la kuifanya ichemke liko juu ya 2,800, ambalo tanuru la kuyeyushia aloi za meno halilikaribii. Vinavyoliwa na moto ni indiamu, galiamu na zinki, na vikipungua hivyo asilimia ya dhahabu hupanda, haishuki.

Tunaamini kosa liko kwenye upimaji. Hati inaonyesha usomaji mmoja wa mashine ya eksrei ya mkononi, juu ya uso wa kinoo. Mashine hiyo huona tabaka jembamba tu la juu, na juu ndiko oksidi na mabaki ya boraksi yanakokaa. Isitoshe, kinoo chenye metali nyingi hakipoi sawasawa, hivyo juu, chini na katikati huweza kutofautiana. Sampuli ya kuaminika huchotwa metali ikiwa bado uji na imekorogwa vizuri, kwa mrija wa kioo cha kwatzi, au hutobolewa kwa keekee upande wa juu na wa chini. Kisha dhahabu hupimwa kwa njia ya moto na metali ya risasi, na paladiamu hupimwa maabara baada ya sampuli kuyeyushwa kwa tindikali.

Paladiamu hamkuiandika kabisa. Aloi ile ni nyeupe kwa sababu ya paladiamu hiyo hiyo, na anayeikagua kwa macho ataiita kromiamu. Lakini cheti mlikuwa nacho mkononi. Gramu 23.87 za mfuko A hazina mstari wala sifuri. Mteja analipwa dhahabu tu, kiwanda kinabaki na paladiamu, platinamu na fedha. Hilo hatulikubali.

Kuna na suala la wakia. Mlipolipa dhahabu mligawanya kwa gramu 31.1035, ambayo ndiyo wakia ya troi, kipimo cha metali za thamani, na ni sahihi. Mlipokata ada ya usafishaji kwa kila wakia ya kinoo, mligawanya kwa 28.35, wakia ya kawaida. Kinoo kile kile kimekuwa wakia 3.82 upande mmoja na 4.19 upande wa pili, na tofauti hiyo imetuangukia sisi.

Mfuko C umeandikwa "takataka, haina thamani" bila kipimo. Vumbi huchomwa, husagwa, huchekechwa na kuchanganywa kabla ya kuchukua sampuli. Kama halikufanyiwa hivyo, lirudisheni lilivyo.

Tunaomba, ndani ya siku 14, mtuletee kumbukumbu ya uyeyushaji yenye uzito wa kabla na baada, na mtaje mizani iliyotumika na tarehe iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Kinoo kisiunganishwe na cha mteja mwingine. Kitobolewe juu na chini mbele ya mwakilishi wetu, na unga wake ugawanywe mara tatu: fungu letu, fungu lenu, na la tatu litiwe lakiri kwa ajili ya maabara huru. Majibu yenu na yetu yakipishana, la tatu ndilo litakaloamua, na gharama yake alipe yule ambaye namba yake itakuwa mbali zaidi na jibu hilo. Malipo yafuate bei ya metali inayotangazwa London alasiri ya siku mtakayolipa, kama mkataba unavyosema. Hati yenu imetumia bei ya siku mliyopokea mzigo.

Ikiwa kinoo kimeshaunganishwa na vingine, tulipeni mfuko A kwa kufuata cheti chake, dhahabu na paladiamu, na mtueleze kwa maandishi mtakavyokokotoa mfuko B.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mteknolojia Mkuu wa Meno,
kwa niaba ya Maabara.

Viambatisho: nakala ya cheti cha aloi, orodha ya mifuko iliyosainiwa na mpokeaji wenu, na hati ya malipo tunayoipinga.