Malalamiko Kuhusu Boila Iliyoachwa Bila Presha Baada ya Rejeta Kutolewa Hewa

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Leicester, Uingereza.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA PAUNI 85 NA KURUDIWA KWA SEVISI YA BOILA

Husika na somo la hapo juu. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha mliyoniuzia mkataba wa matengenezo, na kwa Kiswahili hicho hicho fundi wenu aliniambia, "Dada, kila kitu kiko sawa," akaondoka, na usiku huo huo nyumba ikageuka jokofu.

Kazi yenyewe, yaani sevisi ya boila (mtambo wa gesi unaopasha moto maji ya kutia nyumba joto) na kutoa hewa kwenye rejeta (paneli za ukutani ambamo maji hayo huzunguka), ilikuwa ya kawaida. Rejeta mbili za ghorofani zilikuwa za moto chini na baridi juu, dalili kwamba hewa imejikusanya humo. Fundi alizima boila, akasubiri maji yapoe, akalegeza kiskurubu cha pembeni kwa ufunguo wake, hewa ikatoka ikipiga mluzi hadi maji yalipoanza kuchuruzika kwenye kitambaa. Mpaka hapo sina neno. Hata zulia hakulichafua. Ila hakurudi tena jikoni kwenye boila. Hewa ikishatoka kwenye mfumo uliofungwa, nafasi yake lazima ijazwe maji, la sivyo presha inashuka. Hiyo si siri ya mafundi. Kitabu cha maelekezo cha boila yangu kinasema mfumo ukiwa umepoa geji isome kati ya bar 1 na 1.5 (bar ni kipimo cha presha). Boila ilipojizima usiku nilimulika geji kwa simu, nikakuta mshale umelala chini ya 0.5, ndani ya sehemu nyekundu.

Nikapiga namba yenu ya dharura. Mhudumu hakuniuliza lolote kuhusu geji. Alisema fundi atakuja asubuhi na kwamba ujio huo ni pauni 85, kwa sababu kushuka kwa presha ni jukumu la mteja. Nakubali kwamba kuongeza maji ni kazi ambayo mwenye nyumba anaruhusiwa kuifanya mwenyewe; haihitaji kufungua mfuniko wa boila wala kugusa gesi. Ningeifanya usiku ule ule. Lakini mpira wa kujazia, ule mfupi uliofumwa kwa nyaya unaounganisha bomba la maji baridi na bomba la mfumo, haukuwepo. Fundi wenu aliufungua wakati wa sevisi. Kuufungua ni sahihi, maana kanuni za maji za mwaka 1999 zinataka uunganisho huo uondolewe ukishamaliza kujaza. Kuondoka nao kwenye begi ndiko kusiko sahihi. Fundi wa pili ndiye aliyeurudisha, kwa hiyo mmenilipisha pauni 85 nirudishiwe kifaa changu mwenyewe, na huku mama mkwe wangu, mgeni kutoka Tanga, amelala na makoti mawili.

Fundi huyo wa pili alifungua koki zote mbili za mpira huo kwa pupa, mshale ukapanda hadi 2.5 boila ikiwa baridi. Nilimuuliza kama hiyo si nyingi mno. "Itashuka yenyewe, shemeji." Ikashuka kweli. Maji yakipata moto hutanuka na presha hupanda. Mfumo ulioanzia 2.5 haukuchukua muda kufika bar 3, ambapo valvu ya usalama hufunguka na kumwaga maji nje kupitia bomba la shaba lililotoboa ukuta. Tangu siku hiyo valvu haifungi sawasawa.

Nilipolalamika kwamba presha inashuka kila mara, ofisi yenu ilinijibu kwamba kuna bomba linavuja chini ya sakafu, na kuvunja sakafu hakumo kwenye mkataba. Nilitoka nje jioni nikavika mfuko wa plastiki kwenye ncha ya lile bomba la shaba, nikaufunga kwa kuulegeza. Asubuhi ulikuwa umeshuka kwa uzito wa maji yenye rangi ya kutu. Hayo maji yanatoka kwenye valvu. Sakafu haihusiki.

Kuna jambo linanipa mashaka zaidi ya valvu. Siku hizi hata nikijaza hadi 1.2 tu, boila ikiwaka mshale unakaribia 3, wakati kwa kawaida ungeishia kwenye 2 hivi. Kazi ya kumeza ongezeko hilo ni ya tangi la upanuzi: upande mmoja maji, upande wa pili hewa, katikati kiwambo cha mpira. Hewa ikiisha humo, maji yanakosa pa kutanukia. Kulipima si kazi kubwa: unatoa presha ya maji, unaweka geji ya tairi kwenye pua yake, hewa ikipungua unaongeza kwa pampu. Fomu ya sevisi mliyoniachia ina kisanduku cha tangi hilo, nacho kimewekwa alama ya vema bila namba yoyote. Nilikuwepo jikoni muda wote. Mfuniko ulifunguliwa, vumbi likafutwa, mfuniko ukafungwa. Pampu sikuiona.

Ushauri wenu kwamba niendelee kujaza kila presha ikishuka siukubali. Maji mapya huingia na oksijeni na kuzimua dawa ya kuzuia kutu iliyochanganywa kwenye maji ya mfumo. Kutu ikizidi, tope jeusi hutuama, na rejeta zitaanza kuwa baridi chini badala ya juu, ugonjwa ambao kutoa hewa hakuutibu.

Sheria ya Haki za Mlaji ya Uingereza ya mwaka 2015 inataka huduma ifanywe kwa uangalifu na ustadi unaostahili; isipokuwa hivyo, mteja ana haki ya kazi kurudiwa bila malipo, na pale inapobidi kupunguziwa bei. Kwa hiyo naomba mnirejeshee pauni 85, mje kulipima tangi la upanuzi na kuniandikia namba iliyosomwa, mbadilishe valvu ya usalama kwa gharama zenu, na muongeze dawa ya kutu iliyozimuliwa. Atakayekuja aje na kadi yake ya Gas Safe, yaani ya usajili wa mafundi wa gesi, mkononi, kwani huyu wa pili aliniambia ameiacha kwenye gari.

Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Ada yenu ya kila mwezi hamjachelewa kuikata hata mara moja. Nipo nyumbani kuanzia saa tisa alasiri, isipokuwa Ijumaa, na tafadhali msinitumie tena ujumbe wa kunikumbusha niangalie geji. Naiangalia.

Wenu,
Mteja wa mkataba wa mwaka, Leicester

Viambatanisho: picha za geji ikiwa baridi na ikiwa moto, picha ya mfuko, nakala ya fomu ya sevisi, risiti ya pauni 85.