Kabla hujanunua dawa ya homoni, njoo na tarehe zako

Wateja wengi wanaoingia dukani kwetu hapa Mwanga, Kigoma, wanakuja na sentensi moja: "Dada, homoni zangu zimevurugika, nipe dawa." Ukikaa nao chini unakuta kila mmoja ana lake. Mmoja ana miezi minne hajaona siku zake. Mwingine anaziona, lakini damu inakaa siku kumi na akisimama anapata kizunguzungu. Yuko binti mwenye ndevu zinazoota kidevuni, ananyoa kwa siri kabla wenzake hawajaamka. Yuko mama aliyekaribia kukoma hedhi, usiku anaamka shuka limelowa jasho. Wote wameambiwa na jirani au na mtu wa mtandaoni kwamba huo ni mvurugiko wa homoni, na wote wameelekezwa kwenye chupa ileile ya kusafisha kizazi na kuweka homoni sawa.

Sisi tunauza vyakula: dagaa, maharage, unga wa lishe, ufuta, mbegu za maboga, mawese, tangawizi kutoka Buhigwe. Chupa hiyo hatuna na hatutaiagiza. Naeleza hapa sababu yake, na wapi chakula kinaweza kukusaidia kweli.

Homoni ni kemikali zinazopeleka ujumbe mwilini kupitia damu. Ziko nyingi na zinatoka kwenye tezi mbalimbali. Estrojeni na projesteroni, ambazo ndizo zinazoendesha hedhi, zinatoka hasa kwenye vifuko vya mayai, lakini amri inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kwa ulegevu, hedhi inaweza kuwa nzito au kukosa mpangilio. Prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, ikipanda, kama inavyopanda kwa mama anayenyonyesha, hedhi inasimama. Insulini, homoni inayoongoza sukari mwilini, ikizidi kwenye damu, vifuko vya mayai vinachochewa kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, na hapo ndipo ndevu na chunusi zinapotokea. Kwa hiyo ukisema homoni zimevurugika, bado hatujajua ni ipi, imepanda au imeshuka, na imesukumwa na nini. Hakuna mzizi uliothibitishwa kwamba kijiko chake kimoja kinashusha kwa huyu na kupandisha kwa yule.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachomwomba mteja ni tarehe. Mzunguko wa mwanamke mzima ni siku 21 mpaka 35, ukihesabu kutoka siku ya kwanza ya damu mpaka siku moja kabla ya damu inayofuata. Damu yenyewe kwa kawaida inatoka siku 2 mpaka 7. Kwa binti aliyevunja ungo miaka michache iliyopita, mzunguko unaweza kufika hata siku 45 na usiwe ugonjwa. Nimeona wanawake wengi wakilia kwamba tarehe zao zinahamahama, mwezi huu tarehe 4, mwezi ujao tarehe 7. Ukihesabu unakuta mzunguko ni wa siku 33 na haujakosea hata mara moja. Tarehe lazima zihame, kwa sababu mwili haufuati kalenda ya ukutani. Mwanamke wa namna hiyo hahitaji dawa yoyote, na inaniuma kuona ameshatumia pesa ya ada ya mtoto kujitibu ugonjwa asiokuwa nao.

Kila anayekuja tunampa kikaratasi cha kuandika, bure. Anaandika siku damu ilipoanza na ilipokata, pedi ngapi kwa siku, maumivu, usingizi, na dawa yoyote aliyomeza. Baada ya miezi mitatu kikaratasi hicho kinasema mengi, na daktari akikiona anafurahi, maana swali lake la kwanza ni hilohilo.

Swali langu la pili ni la uzazi wa mpango, na naliuliza kwa sauti ya chini kwa sababu si kila mume anajua. Sindano ya miezi mitatu inaweza kukatisha hedhi kabisa wakati unaitumia. Ukiacha, uwezo wa kushika mimba unarudi, ila taratibu. Wengine huchukua miezi kumi au zaidi tangu sindano ya mwisho. Vidonge vya dharura, vile vya kumeza baada ya tendo, vinaweza kusogeza hedhi mbele au nyuma, na anayevimeza mara kwa mara asishangae mzunguko ukikosa mpangilio. Na mwanamke ambaye hedhi imekata ghafla apime mimba kwanza. Kuna mizizi na majani yanayobana kizazi; ukiyanywa una mimba changa bila kujua, unaweza kuharibu mimba na kuvuja damu mpaka ukapoteza maisha.

Sasa chakula. Hapa kwetu chakula ni ugali wa muhogo, migebuka au dagaa, na sombe, yaani kisamvu, la mawese. Sitamwambia mtu aache, mimi mwenyewe ndicho ninachokula. Lakini kuna jambo moja kwenye sahani hiyo linalogusa homoni moja kwa moja, nalo halizungumzwi vya kutosha: tezi ya shingoni inahitaji madini joto ili itengeneze homoni zake. Muhogo mchungu una sumu ya asili, na mabaki ya sumu hiyo mwilini yanaizuia tezi kuchukua madini joto. Ukiuloweka vizuri siku kadhaa na kuuanika ukakauka kweli, sumu inapungua sana. Shida inakuja muhogo unapoharakishwa, halafu na madini joto yenyewe yawe pungufu.

Watu wanadhani dagaa wanaziba pengo hilo. Dagaa wa Tanganyika ni chakula bora mno: unawala na mifupa na vichwa, unapata kalisi, chuma na zinki kwa bei ambayo nyama haiwezi kuikaribia. Ila ni samaki wa maji baridi, na samaki wa maji baridi wana madini joto kidogo kuliko wa baharini. Kwa hiyo tegemeo letu ni chumvi. Uvinza kumechemshwa chumvi tangu enzi za mababu na ni fahari ya mkoa wetu, lakini chumvi ya ardhini haiji na madini joto ya kutosha mpaka yaongezwe. Basi, iwe ya Uvinza au ya Pwani, nunua iliyofungwa, yenye maandishi kwamba imeongezwa madini joto. Ile ya kupimiwa na kopo gengeni huwezi kujua. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na mvuke, na uitie mboga inapokaribia kuiva. Wala usiongeze chumvi ukidhani unaongeza tiba. Chumvi nyingi inapandisha presha. Na unga wa mwani unaouzwa kama dawa ya homoni unaweza kuwa na madini joto mengi kupita kiasi, na yakizidi nayo yanavuruga tezi. Ukiona uvimbe shingoni, unachoka kupita kawaida, unahisi baridi wenzako wakiwa na joto, uzito unapanda na hedhi imekuwa nzito, usinunue kitu kwangu. Nenda ukapimwe damu.

Yule binti wa ndevu, na wengi wanaokosa hedhi miezi miwili mitatu, huenda wana PCOS, hali ya homoni inayovuruga kazi ya vifuko vya mayai. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hali hii iko kwa wanawake 10 mpaka 13 katika kila 100 walio kwenye umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Kwa mwanamke mzima, daktari anaangalia mambo matatu: mayai kutopevuka kwa mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na picha ya ultrasaundi inayoonyesha vifuko vya mayai vimejaa vijimaji vidogo vidogo. Mawili yakiwepo, na magonjwa mengine yanayofanana nayo yakiondolewa, jina linapatikana. Haina dawa ya kuiondoa kabisa, ila inatulizwa, na hapa mtindo wa maisha una nguvu ambayo wengi hawaiamini. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupunguza asilimia 5 mpaka 10 tu kunaweza kurudisha hedhi. Mwenye kilo 90, hiyo ni kati ya kilo nne na nusu na tisa. Hailazimishi kufunga kula wala kunywa maji ya ndimu mwezi mzima.

Ninachomshauri ni sahani. Nusu iwe mboga: lengalenga, matembele, sombe. Robo ugali, na hapa ndipo vita ilipo, kwa sababu kwetu ugali ndio mlima na mboga ni ya kusindikizia. Robo inayobaki ni dagaa au maharage. Chai ya asubuhi ipunguzwe sukari, maandazi mawili yabadilishwe na kiazi kitamu cha kuchemsha na yai. Soda iwe ya sherehe. Mawese yana vitamini A kwa wingi na siyapigi vita, lakini ni mafuta, kijiko kimoja au viwili vya chakula vinatosha sufuria ya familia ndogo. Kisha kutembea dakika 30 kwa siku, siku tano za wiki, mwendo wa kukufanya uhemee juujuu. Wapo pia wembamba wenye PCOS, na wapo wanaohitaji vidonge vya hospitali juu ya haya yote. Kuvitumia hakumaanishi umeshindwa kufuata njia ya asili.

Usingizi nao. Kina mama wa Kibirizi wanaosubiri mitumbwi alfajiri na kushinda wanaanika dagaa juani wanalala saa chache mno. Kukosa usingizi kunaufanya mwili usiitikie insulini vizuri, na njaa ya vitu vitamu inaongezeka. Siwezi kumwambia mtu aache kazi inayomlisha. Namwambia alale mchana, hata saa moja na nusu, na watoto wakubwa waachiwe sufuria.

Kwa wanaotoka damu nyingi, hofu yangu ya kwanza ni upungufu wa damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 wa umri wa kuzaa nchini wana upungufu huo. Dagaa, maharage na mboga za majani vinasaidia, na ukikamulia ndimu juu yake mwili unachukua chuma vizuri zaidi. Chai ya rangi inywe saa moja au zaidi mbali na mlo, kwa sababu inazuia chuma kuingia. Hata hivyo, damu nyingi ina chanzo, mara nyingine ni uvimbe kwenye kizazi, na uvimbe hauondolewi na juisi ya rosela.

Tangawizi naiuza kwa moyo mweupe. Imefanyiwa majaribio kadhaa kwa maumivu ya hedhi na imewapunguzia wengi. Ianze siku damu inapoanza, pamoja na chupa ya maji ya moto tumboni. Anayemeza dawa za kuyeyusha damu asiizidishe. Mbegu za maboga na ufuta, zile za kula kwa zamu kufuata mzunguko, ni chakula kizuri chenye zinki na mafuta mazuri. Kwamba zamu hiyo inapanga homoni, ushahidi ni hafifu, kwa hiyo nakuuzia kama chakula, si kama dawa.

Mama wa joto la usiku, kati ya miaka 45 na 55, mara nyingi haumwi. Nguo nyepesi, kupunguza pombe na pilipili, mazoezi, na maharage ya soya kwa anayeyapenda, maana yamewasaidia baadhi. Joto likimzidi, hospitali zipo tiba.

Hatuuzi kitu chochote cha kuingiza ukeni, wala mvuke, wala vipipi. Uke una bakteria wake wa kuulinda, na vitu hivyo vinawaua na kukaribisha maambukizi.

Wapo ambao hatuwauzii hata tangawizi mpaka waonwe na daktari, hospitali ya Maweni au kituo kilicho karibu: anayeloweka pedi kila saa, anayetoka damu baada ya tendo au katikati ya mzunguko, aliyekoma hedhi mwaka mzima kisha damu ikarudi, mwenye maziwa yanayotoka bila kunyonyesha, na mwenye maumivu makali ya tumbo upande mmoja huku hedhi imechelewa. Huyo wa mwisho asisubiri hata kesho asubuhi.

Ukija, njoo na tarehe zako kama unazikumbuka, majina ya dawa unazotumia, na karatasi za vipimo kama ulishapima. Saa kumi jioni kuendelea duka linakuwa limepungua watu, tunaweza kuongea bila kusikiwa. Mazungumzo hayalipiwi, na bei za vyakula zimebandikwa rafuni. Mume akija kumnunulia mke wake "dawa ya homoni", tutamkaribisha, tutampa kikaratasi cha tarehe ampelekee, na tutamwomba arudi naye.