Salamu za Noeli kwa walinzi wa nyimbo za Hugo Wolf

Ndugu zangu wapenzi wa muziki, heri ya Krismasi!

Mwaka huu salamu zangu nazielekeza kwa vyama vinavyoimba na kutangaza nyimbo za kisanaa za Kijerumani: shairi, mwimbaji mmoja na piano. Huko Vienna, mwaka 1897, Michael Haberlandt na wenzake waliunda chama cha kumtangaza Hugo Wolf, mtunzi wa nyimbo za aina hiyo, angali hai. Mwaka huohuo ugonjwa wa akili ukamwangusha, asitunge tena wimbo hadi alipofariki mwaka 1903. Mwaka 1931, jijini London, Walter Legge, aliyefanya kazi katika kampuni ya santuri, alitaka nyimbo za Wolf zirekodiwe. Kampuni hiyo ikahofia hasara, naye akatafuta watu 500 wa kulipa kabla santuri hazijatengenezwa. Wakapatikana, wengine Japani. Kulipia sauti ambayo bado hujaisikia! Hilo hunigusa kila nikilikumbuka. Siku hizi Stuttgart, Ujerumani, ina akademia yenye jina la Wolf, iliyoanzishwa mwaka 1967. Katika mashindano yake, mwimbaji na mpiga piano hupimwa pamoja.

Na ndivyo inavyopasa. Sikilizeni wimbo "Nun wandre, Maria", aliotunga Wolf Novemba 1889. Yusufu anamsemesha Maria njiani kwenda Bethlehemu: tembea, jogoo wameanza kuwika, tunakokwenda si mbali. Piano haipumziki. Nota zinakwenda mbilimbili, hatua kwa hatua, toka mwanzo hadi mwisho, na juu yake inapita sauti ya mume anayeona nguvu za mkewe zinaisha. Anajikaza kumtuliza, lakini wasiwasi wake mwenyewe haufichiki. Laiti saa yako ya kujifungua ingekuwa imepita salama, anamwambia. Kwa habari hiyo njema ningemtoa hata punda wetu mdogo.

Nyimbo nyingi za msimu huu zinatufikisha upesi horini, kwa malaika na wachungaji. Huu unatubakiza barabarani, mtoto hajazaliwa, mlango haujapatikana. Kwangu mimi hapo ndipo Majilio yalipo, na sijui mtunzi mwingine aliyemsikiliza Yusufu kwa makini hivyo.

Basi kwenu mnaopanga viti, mnaochapa maneno ya mashairi ili msikilizaji afuatilie, mnaolipa ada hata mwaka ukiwa mgumu, na ninyi wapiga piano ambao majina yenu huandikwa kwa herufi ndogo: asanteni sana. Mungu awape Noeli yenye amani, na mwaka mpya kumbi zenu zijae.